Sukari Ikipotea, Usikimbilie Mkopo

Wadogo zangu, leo nina ujumbe wa mdogo wetu mmoja wa Mbagala, mama wa watoto wawili, ambaye presha inampanda kila linapotajwa jina la ugonjwa. Marburg ilipothibitishwa kule Biharamulo Januari 2025, alikesha. Ilipokuja habari ya Mpox, akakesha tena. Sasa amepata wazo: achukue mkopo kikobani, anunue mfuko mzima wa sukari, dumu kubwa la mafuta na unga wa kutosha, avipange chumbani, ili yale ya corona ya mwaka 2020 yasimkute tena. Mumewe, yaani shemeji yetu, hataki hata kusikia. Mdogo wetu ananiomba nimsaidie kumlainisha.

Mdogo wangu, safari hii niko upande wa shemeji. Usinune, nisikilize kwanza.

Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme sukari ni shilingi 3,000 kwa kilo, na mfuko wa kilo 50 unaupata kwa 150,000. Kikoba chenu kikitoza riba ya asilimia 10, utarudisha 165,000. Maana yake kila kilo imekugharimu 3,300 kabla hujakoroga chai hata kikombe kimoja. Na nyumba ya watu wanne inayotumia kilo moja kwa wiki itaula mfuko huo karibu mwaka mzima. Huo mwaka mzima, kwa joto na unyevu wa Dar, sukari iko chini ya kitanda inashikana na kufanya mabonge, sisimizi wamekwisha kujua njia, na wewe kila Jumamosi unapeleka rejesho kikobani. Ugonjwa wenyewe usipokuja je? Ukija, na kibarua cha shemeji kikasimama, rejesho utalitoa wapi?

Hapo kwenye kibarua ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wengi tumeisahau 2020 jinsi ilivyokuwa. Kwenye televisheni tuliona Wazungu wa Uingereza na Marekani wakigombania karatasi za chooni, rafu za maduka yao nyeupe pee. Picha zile zilituingia kichwani tukadhani ndivyo njaa ya corona inavyokuja. Kwetu haikuja hivyo. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, shule zikafungwa, daladala zikaambiwa zibebe abiria wa kukaa tu. Masoko hayakufungwa. Mchicha ulikuwepo, dagaa walikuwepo, mchele ulikuwepo. Kilichoadimika ni hela. Ndege za nje ziliposimama Aprili, Arusha na Zanzibar madereva wa watalii, wapishi wa hoteli na wauza vinyago walikaa nyumbani. Mama lishe aliyekuwa analisha watumishi wa ofisi alikuta ofisi haina watu. Mtu alipita mbele ya genge lenye kila kitu akiwa na shilingi 500 mkononi, basi akaondoka na fungu moja la mboga.

Kwa hiyo akiba ya kwanza ya wakati wa ugonjwa, mdogo wangu, ni ile hela unayotaka kuigeuza kuwa sukari. Hela hununua dawa, hulipa bodaboda usiku, humlipa mwenye nyumba. Jaribu kumpelekea mwenye nyumba kilo tano za sukari uone jibu lake.

Najua utaniambia, lakini dada, sukari ilipotea kweli. Ilipotea, nami sikatai. Mwezi Aprili 2020, Ramadhani ikiwa inabisha hodi, bei ilipaa mpaka watu wakawa wananunua kilo kwa 4,000. Serikali ikatoa bei elekezi, kwa Dar es Salaam 2,600. Nakumbuka dukani kwa Mangi wa mtaani kwetu: ndoo ya maji yenye koki imewekwa mlangoni na kipande cha sabuni kimening'inizwa kwa uzi, kamba imefungwa mbele ya kaunta tusisogeane, na tangazo la bei elekezi analo kwenye simu yake, anatuonyesha yeye mwenyewe huku anacheka. Ukimuuliza sukari anakwambia imekwisha. Ukisimama kidogo, akatoka mteja asiyemfahamu, anakuuliza: "Unataka ngapi?" Kisha anaingia nyuma na kurudi na robo iliyofungwa kwenye karatasi. Nusu hakupi. Robo, tena mpaka uchukue na majani ya chai humo humo.

Wengi walimlaani Mangi. Mimi nilikaa nikamuuliza alivyonunua jumla, akaniambia bei aliyonunulia yenyewe ilishapita hiyo elekezi. Sasa auze kwa hasara? Sisemi hawakuwepo walioficha mizigo wakisubiri bei ipande, walikuwepo na walifaidi. Ila muuza robo wa uchochoroni mara nyingi naye ni mteja wa mtu, amebanwa juu na chini.

Na hii sukari, wadogo zangu, ina kalenda yake, corona au isiwepo corona. Viwanda vyetu vya Kilombero, Mtibwa, Kagera na TPC kule Moshi husimama kipindi cha masika kwa sababu matrekta hayaingii kwenye mashamba ya miwa yenye tope. Kuanzia Machi mpaka Mei hivi nchi inakula iliyobaki ghalani na inayoletwa kwa meli. Mwaka 2020 meli nazo zikachelewa kwa sababu ya ugonjwa, mfungo ukaangukia humo humo, basi ikawa balaa. Mapema 2024 hakukuwa na corona, ila mvua za El Niño zilitosha, sukari ikapanda tena. Ukishalijua hili huna haja ya kusikiliza sauti za WhatsApp zinazoanza na "ndugu zangu nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa". Wewe Januari na Februari ongeza kilo moja moja kwenye manunuzi yako ya kawaida. Mvua zikianza una kilo nne, tano kabatini, hukukopa, hukukimbizana na mtu kwenye foleni, na wala shemeji hajagundua.

Halafu kuna yale malimau. Mnakumbuka? Tangawizi, kitunguu swaumu na malimau vilipanda kuliko nyama kwa sababu kila nyumba ilikuwa inachemsha nyungu. Malimau yaliyokuwa yanauzwa kwa fungu yakawa yanauzwa moja moja, tena unachaguliwa. Niliona mama anahesabu sarafu anunue malimau mawili, na maziwa ya mtoto hakununua. Hilo liliniuma. Chai ya tangawizi ni nzuri, inapasha koo joto, nami nainywa. Lakini haiui kirusi, na mvuke wa nyungu umeshababua watu nyuso na kuunguza watoto waliofunikwa shuka pamoja na sufuria la moto. Chakula cha watoto kinunuliwe kwanza. Limau likibaki kwenye bajeti, heri.

Sasa cha kuweka ndani ni nini, maana sijasema mkae mikono mitupu. Ukiniuliza mimi, cha kwanza hakiliwi. Ni dawa. Kama mama mkwe ana presha, kama baba ana kisukari, kama mtoto ana pumu, hakikisha dawa zao ziko mbele angalau mwezi mmoja, zenye tarehe nzuri, na cheti cha kila mmoja mahali kinapoonekana. Sukari ya chai ikikosekana mtakunywa uji wa chumvi mtacheka. Dawa ya presha ikikosekana wiki mbili hakuna wa kucheka. Weka na pedi zako, maana wanaume wanaoandika orodha za dharura hawazikumbuki kamwe, na sabuni ya mche ambayo haiozi wala haina mdudu.

Chakula weka kile mnachokula siku zote, kwa wiki mbili tatu. Usininunulie makopo ya maharage ya nje kwa sababu umeona kwenye filamu. Ukinunua unga wa kukaa, chukua sembe, kwa kuwa dona lina kiini cha mahindi chenye mafuta, likikaa sana kwenye joto linachacha na kuwa chungu. Dona nunua kidogo kidogo, ulile likiwa jipya, ndilo lenye lishe. Maharage yaanike juani kwanza, yapoe, kisha yafunge kwenye dumu kavu lenye mfuniko unaobana kabisa, au kwenye ile mifuko ya kinga njaa wanayotumia wakulima. Mdudu wa maharage anahitaji hewa, mnyime. Dagaa nao jua, halafu kopo. Na kila unaponunua kipya, kiweke nyuma, cha zamani kije mbele.

Jikoni msitegemee moto wa aina moja. Mwenye gesi awe na jiko la mkaa na gunia dogo, kwa sababu gesi haikuagi: unakaanga vitunguu, moto unapepesuka, basi. Ikitokea siku hiyo muuzaji hana mtungi au hela imeisha, utapika nini na hayo maharage yako yaliyohifadhiwa vizuri?

Mboga ndiyo rahisi kuliko vyote na watu hawaipi nafasi. Ukinunua matembele, yale mashina usiyatupe. Chomeka vipande kwenye udongo, hata kama ni ndoo iliyopasuka ubarazani, mwagilia, baada ya wiki chache unachuma. Nyumba za kupanga zenye uwanja wa sentimita mbili nimeziona zimepanda matembele kwenye magunia wima. Mchicha nao hauchelewi.

Na tafadhali, mboga haifuliwi. Mwaka 2020 niliona watu wanaosha nyanya kwa sabuni ya unga, wengine wanatia jiki kwenye beseni la mchicha bila kipimo. Ule si usafi, ni kujipa sumu. Maji safi yanayotiririka na vidole vyako vinatosha, kisha nawa mikono. Kama hofu ni kipindupindu, ambacho sisi wa pwani tunakifahamu fika, basi chemsha maji, mboga ipikwe, na matunda yaoshwe kwa hayo maji salama kabla ya kumenywa.

Nirudi kwa Mangi na mama wa genge, kwa sababu mdogo wangu wa Mbagala hakuwataja hata mara moja kwenye ujumbe wake. Amezungumzia sukari, mafuta, chumba na mkopo, kana kwamba chakula kinajileta chenyewe. Yule aliyeletewa robo kutoka nyuma ya duka hakuwa na hela nyingi kuliko wengine. Alikuwa mteja wa kila siku, anayelipa deni la daftarini bila kuandamwa, anayemuuliza Mangi habari za watoto wake Rombo. Anza leo kuwa mteja wa namna hiyo. Kama unakopa dukani, lipa siku uliyosema, hata kama ni nusu, na umwambie nusu nyingine lini. Chukua namba ya simu ya mama wa genge. Siku ukiwa umefungiwa ndani na homa, unampigia, unamtumia hela kwa simu, anamtuma mwanawe akuwekee kikapu mlangoni. Hakuna supamaketi itakayokufanyia hivyo kwa shilingi 2,000 ya nyanya na kitunguu.

Nawe ukipata, mkumbuke na mwenzio anayenunua kwa kipimo. Tajiri akibeba mifuko kumi, bei inayopanda anaisikia mwenye hela ya robo. Ndiyo maana binafsi sipendi kuona mtu anatoka dukani na sukari ya mwaka mzima, hata kama ni hela yake ya halali.

Njia ninayoipenda ni hii, na shemeji hataikataa kwa kuwa haina riba. Tafuta wenzako wanne mnaoaminiana, kila mmoja atoe yake ya matumizi ya kawaida, mmoja aende Tandale kwenye nafaka alete mfuko wa mchele kwa bei ya jumla, mwezi unaofuata maharage, mwezi mwingine sukari. Mnagawana kilo kumi kumi. Nauli na mbebaji mnachanga. Aliyekwenda sokoni apewe ahsante yake, msimfanye punda. Na mkae chini mgawane siku hiyo hiyo mzigo unapofika, mchana, wote mkiwepo, kila mtu na chombo chake. Azimeni mizani kwa Mangi, msitumie kopo. Urafiki wa miaka kumi nimeuona ukivunjika kwa kopo lililojazwa kwa kilima kwa mmoja na kusawazishwa kwa kidole kwa mwingine. Na anayepima asiwe yule aliyeufuata mzigo Tandale.