Milango ya Fahamu kwa Mtoto Mwenye Usonji: Maswali na Majibu

Usonji unahusianaje na milango ya fahamu?

Ubongo hupokea taarifa kutoka kila pembe ya mwili, ukazichuja ili mtu asikilize la muhimu na kuyapuuza mengine. Kwa watoto wengi wenye usonji, taarifa nyingine huingia kwa nguvu kupita kiasi na nyingine hufika zikiwa hafifu. Daktari Leo Kanner wa Marekani aliwaeleza watoto walioogopa sana kelele katika makala yake ya mwaka 1943. Hata hivyo, tofauti hizi ziliingizwa rasmi miongoni mwa vigezo vya kutambua usonji mwaka 2013, katika DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili.

Ni milango ile mitano tu?

Hapana. Ipo pia hisi ya mizani, iliyo ndani ya sikio. Hisi ya misuli na maungio, inayoujulisha mwili ulivyokaa. Na hisi ya ndani, inayoleta habari za njaa, kiu na haja. Hisi hii ya mwisho ikiwa hafifu, mtoto anaweza kuchelewa kujua kwenda chooni.

Dalili za tofauti hizi ni zipi?

Mwenye hisi kali huziba masikio blenda ikiwashwa, hukataa sare yenye lebo shingoni, au hula vyakula vichache tu. Kwa kinyozi mambo humjia yote kwa pamoja: mashine ikinguruma sikioni, mtetemo kichwani, vinywele vikimchoma shingoni.

Mwenye hisi hafifu huzunguka, huruka na kutafuna kola ya shati, na pengine halii hata akiumia. Huyu akianguka akaguliwe mwili mzima, maana ukimya wake si dalili ya usalama. Mtoto mmoja anaweza kuwa na hali zote mbili, na uchovu huzizidisha.

Je, huo ni utundu au malezi mabaya?

Sivyo. Mtoto aliyezidiwa na kelele sokoni akajitupa chini hana ujanja wa kudai kitu. Mwili wake umeelemewa. Fimbo na makaripio humwongezea maumivu na kelele juu ya yale yaliyomshinda. Kinachomfaa ni kuondolewa pale, apelekwe mahali tulivu, na maneno yapunguzwe.

Uchunguzi huanzia wapi?

Masikio na macho hupimwa kwanza, kwani mtoto asiyeitika jina lake huenda hasikii. Hakuna kipimo cha damu cha tofauti hizi. Mtaalamu wa tiba kazi humtazama mtoto akicheza na kuwahoji walezi. Kumbukumbu ya mlezi humsaidia sana: tukio lilitokea wapi, saa ngapi, na nini kilitangulia.

Nyumbani na shuleni kifanyike nini?

Mazingira ndiyo yabadilishwe kwanza. Lebo ikatwe, sare mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, na dawati liwekwe mbali na dirisha la barabarani. Mwalimu amtahadharishe mtoto kabla kengele haijalia, na ampe nafasi ya kunyoosha viungo kati ya vipindi. Vikinga sauti vitumike penye kelele, si kutwa nzima. Chakula kigeni kiwekwe kidogo kando ya kile alichozoea, bila kumlazimisha. Akipungua uzito, apelekwe kwa daktari.

Je, tofauti hizi huisha?

Kwa wengi huendelea hadi utu uzima, ila hupungua makali mtoto anapojifunza kuomba utulivu kabla hajazidiwa, kwa neno, ishara au picha, na wanaomzunguka wakamwitikia.