Dondoo muhimu: Betri ipo, spika inakoroma

Betri yenyewe haina kelele. Umeme wake ni mnyoofu, hauna ule mtetemo wa mara 50 kwa sekunde wa umeme wa ukutani. Spika ya mkutano ikianza kukoroma, mkosaji huwa ni kifaa kilichoungwa pamoja na betri.

Wa kwanza kushukiwa ni inveta ya bei nafuu, ambayo mawimbi yake huruka ngazi kwa ngazi badala ya kupanda na kushuka taratibu. Amplifaya ya volti 12 haiihitaji kabisa: iungwe moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene na mfupi, chanya na hasi zikisokotwa pamoja, na fyuzi ikae karibu na kichwa cha betri.

Kisha simu. Inapopiga muziki huku ikichajiwa na betri hiyohiyo, mlio mwembamba, ziii, hujitokeza kati ya nyimbo. Chaja ikichomolewa, kimya hurudi palepale, kwa sababu kelele ilikuwa ikizunguka kupitia waya wa hasi wa chaja na wa sauti. Simu ipewe pawabenki yake.

Betri ikichajiwa kwa sola, kidhibiti chake nacho huweza kuleta kelele, hivyo kikae mbali na waya wa kipaza sauti.