Mbwa Mwitu wa Kisiwani na Chembe za Urithi

Wale wenye mbuzi wanalijua jambo hili. Beberu mmoja akikaa zizini miaka mingi, hufika wakati akawapanda binti zake, halafu wajukuu zake. Watoto wanaanza kuzaliwa dhaifu. Wengine wanakufa kabla hawajaacha kunyonya. Mwenye zizi husema amerogwa. Leo tutasoma habari za wanyama wa porini waliopatwa na jambo hilo hilo, mpaka wakabaki wawili tu. Wao hawakuwa na mfugaji wa kuwabadilishia dume.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Hapa kwetu tukisema mbwa mwitu, tunamfikiria yule mwenye madoadoa na masikio makubwa ya mviringo. Siye huyo tunayemsoma leo. Tunamsoma mbwa mwitu wa nchi za baridi, mwenye manyoya mengi, mara nyingi ya kijivu. Ndiye yule wa kwenye Biblia, anayevamia kondoo. Mbwa wetu wa nyumbani wametokana na ukoo wake zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, na mpaka leo wanaweza kuzaliana naye. Yule wa madoadoa ni ukoo wa mbali, hazaliani nao.

Na kumbe Serengeti nako yupo jamaa yake wa karibu! Ni yule mbweha wa rangi ya dhahabu. Kwa miaka mingi vitabu vilisema ni aina moja na mbweha wa Ulaya na Asia. Mwaka 2015 wataalamu walipima chembe zake za urithi, wakakuta yuko karibu zaidi na mbwa mwitu kuliko na mbweha huyo.

Sasa chembe za urithi ni kitu gani? Ni maagizo madogo sana yaliyo ndani ya mwili, yasiyoonekana kwa macho. Yanauelekeza mwili namna ya kujijenga: rangi ya manyoya, urefu wa miguu, umbo la mifupa. Maagizo mengi huwa mawili mawili. Moja mtoto amepewa na baba, la pili amepewa na mama. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo kwa mti mmoja. Mmoja akiwa mgonjwa, mwenzake anajikaza na mzigo unafika. Kwa hiyo mnyama anaweza kuwa na chembe mbovu maisha yake yote, wala isijulikane, kwa sababu ile nzima inafanya kazi.

Shida inakuja mtoto akipewa mbili mbovu za aina moja. Tuseme baba ana moja nzima na moja mbovu. Mama naye ni hivyo hivyo. Kila mmoja anampa mtoto moja tu. Basi kwa hesabu, katika kila watoto wanne, mmoja atapata mbovu zote mbili. Wazazi wasio ndugu nao wana chembe mbovu zao, lakini mara nyingi si zile zile. Baba na binti yake, au kaka na dada, wamezipata kwa mtu mmoja. Ndiyo maana ndugu wakizaana, ubovu uliojificha unatokea nje.

Twende sasa Marekani, katika Ziwa Superior. Ziwa hili ni kubwa kuliko hata Ziwa Viktoria. Ndani yake kuna kisiwa kiitwacho Isle Royale, chenye urefu wa kilomita 70 hivi. Kutoka ufukweni mpaka kisiwani ni zaidi ya kilomita 20 za maji. Lakini majira ya baridi kali, maji ya juu huganda yakawa barafu ngumu, na mnyama anaweza kutembea juu yake. Mbwa mwitu wachache walivuka hivyo kati ya miaka ya 1940 na 1950. Walimkuta huko musi, mnyama wa jamii ya kulungu, mkubwa kama ng'ombe, mwenye mapembe mapana. Wakakaa, wakala, wakazaana. Tangu mwaka 1958 wataalamu wanawahesabu, na hawajaacha mpaka leo.

Mwaka 1980 walihesabiwa 50. Mwaka 1982 walikuwa 14! Ugonjwa wa kuharisha wa mbwa wa nyumbani, unaoitwa parvo, ulikuwa umeingia. Inaaminika mtalii mmoja alikuja na mbwa wake, ingawa ilikatazwa. Ugonjwa ulipopita, musi walikuwa tele, lakini mbwa mwitu hawakurudi kuwa wengi. Mwaka 1991 matokeo ya vipimo yalitangazwa. Zipo chembe za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama peke yake. Mbwa mwitu wote wa kisiwani walikuwa nazo za namna moja. Maana yake wote walitokana na bibi mmoja.

Halafu mwaka 1997 barafu iliganda, na dume mmoja akavuka kutoka Kanada. Hakuna aliyemjua kuwa ni mgeni. Alikuwa na mwili mkubwa, na alipozeeka manyoya yake yakawa karibu meupe, jambo lisilo la kawaida kwa wenyeji. Aliyewaambia watafiti ukweli ni mavi yake. Msicheke! Mavi hutoka na chembe kutoka tumboni, na ndani yake mna urithi wa mnyama. Watafiti waliyaokota porini, wakayapima, wakaona dume huyu hahusiani na wenyeji.

Dume huyo alizaa watoto 34. Kundi lake likapata nguvu, likawashinda makundi mengine. Hapo ungesema ukoo umepona. Sisi wenyewe tulipoanza kuisoma habari hii tulidhani imekwisha vizuri. Lakini mgeni alikuwa mmoja. Mke wake wa kwanza alipokufa, akazaa na binti yake. Watoto wake nao wakazaana wao kwa wao. Baada ya miaka kumi hivi, zaidi ya nusu ya urithi wote wa mbwa mwitu wa kisiwani ulikuwa umetoka kwake. Kila aliyetafuta mchumba alikutana na mtoto au mjukuu wa mzee yule yule, pamoja na chembe mbovu za mzee zilizojificha.

Mifupa ndiyo iliyoonyesha madhara. Wataalamu walipochunguza mifupa ya waliokufa kisiwani, zaidi ya nusu yao walikuwa na uti wa mgongo wenye kasoro za kuzaliwa sehemu ya kiunoni. Mnyama anayeishi kwa kukimbiza windo, kiuno kikiwa kibovu atakula nini? Mwaka 2009 walikuwa 24. Mwaka 2012 wakawa 9, na watatu kati ya waliokufa walitumbukia katika shimo la zamani la mgodi. Mwaka 2016 walibaki wawili, dume na jike. Dume alikuwa baba wa jike, na papo hapo walikuwa wamezaliwa na mama mmoja. Aliwahi kuonekana mtoto mmoja pamoja nao, ana mkia mfupi na mgongo uliopinda. Hakuonekana tena.

Musi nao waliongezeka mpaka karibu 2,000, wakawa wanatafuna miti michanga hata isiweze kukua. Wakubwa wa hifadhi wakabishana. Wengine walisema pori liachwe lijiendeshe lenyewe, na mwaka 2014 iliamuliwa kungoja. Sisi hatukubaliani na neno hilo "lenyewe". Mbwa aliyeleta ugonjwa aliletwa na mtu. Shimo la mgodi lilichimbwa na watu. Na barafu, ambayo ndiyo njia ya wageni, inaganda mara chache kuliko zamani kwa kuwa dunia inazidi joto.

Mwaka 2018 shauri liligeuzwa. Mpaka Septemba 2019 mbwa mwitu 19 walikuwa wamepelekwa, wengine kwa ndege. Safari hii hawakutegemea dume mmoja. Walichukua madume na majike kutoka Minnesota, Michigan na Kanada, ili koo ziwe mbalimbali. Jike mmoja hakupapenda. Barafu ilipoganda mwaka ule wa 2019 akatembea zake, akarudi bara.

Waliobaki wamezaa. Katika hesabu ya mwaka 2024 walikadiriwa kuwa 30, na musi walikuwa wamepungua chini ya 1,000. Watafiti bado wanaokota mavi na kuyapima, wajue nani amezaa na nani, na kama kuna mmoja anayeanza kuwa baba wa wote.