Ngitili: Ghala la Majani la Kiangazi



Ukifika Usukumani mwezi wa tisa utaona jua kali na vumbi. Mito mingi imekauka. Mashamba ya pamba yamebaki matupu. Ng'ombe wanatembea mbali kutafuta majani, na wakirudi jioni mbavu zao zinahesabika. Hapo ndipo mfugaji anajua kama aliweka akiba au hakuweka.

Chakula cha watu tunakiweka ghalani. Hakuna mtu mwenye akili anayekula mahindi yote mwezi wa mavuno. Je, chakula cha mifugo tunakiweka wapi? Wazee wa Kisukuma walikuwa na jibu tangu zamani. Walikiweka ardhini, kikiwa bado kimesimama. Ghala hilo linaitwa ngitili.

Katika somo hili tutajifunza ngitili ni nini, kwa nini zilitoweka mkoani Shinyanga, na jinsi wananchi walivyozirudisha. Mwisho tutajifunza jinsi ya kuandika sheria ndogo ya kijiji ya kulinda hifadhi.

NGITILI NI NINI?

Ngitili ni eneo la majani na miti linalofungwa mvua zinapoanza, yaani mwezi wa 11 au wa 12. Likishafungwa, hapana kulisha humo. Majani yanakua, yanatoa mbegu, yanakauka yakiwa yamesimama. Mwezi wa 7 au wa 8, malisho ya nje yanapokwisha, ngitili inafunguliwa. Mifugo wanalishwa kipande kimoja, na kikiisha wanahamia kipande kingine. Wanakwenda hivyo hivyo mpaka mvua zirudi.

Ziko ngitili za familia. Hizi nyingi ni ndogo, hekta chache tu, karibu na mji wa mwenyewe, kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Ziko pia ngitili za kijiji, za shule na za vikundi.

Angalieni jambo moja. Ngitili nyingi hazina ukuta wala seng'enge. Kinachozuia ng'ombe kuingia ni mapatano ya watu. Mapatano yakivunjika, ngitili imekwisha.

MITI ILIKWENDA WAPI?

Wasukuma husimulia habari za Ng'wanamalundi, mganga aliyenyosha kidole miti ikakauka. Sisi wengine hatukuwa na kidole cha namna hiyo. Lakini tulikuwa na mashoka, na tumefanya kazi ile ile. Hebu tufuate mambo yalivyokwenda.

Kwanza, wakati wa ukoloni, kati ya miaka ya 1920 na 1940, misitu mingi ilifyekwa ili kumwondoa mbung'o, yule nzi anayeleta malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o alipungua, lakini na kivuli kilikwenda.

Pili, pamba ilienea. Ni zao la fedha, na kila mtu alitaka shamba kubwa zaidi. Mapori yakalimwa.

Tatu, mifugo na watu waliongezeka, lakini ardhi haikuongezeka.

Nne, katika miaka ya 1970 watu walihamia katika vijiji vya pamoja. Shabaha ilikuwa kuleta shule, zahanati na maji karibu na watu. Lakini wengi waliacha ngitili zao mbali, bila mwangalizi. Kitu kisicho na mwangalizi kila mtu anakichota.

Basi, ilipofika miaka ya 1980 sehemu nyingi za Shinyanga zilikuwa uwanda mtupu. Watu wengine wakaita mkoa ule jangwa la Tanzania. Kuni zilikosekana. Akina mama walipikia vijiti vya pamba na mavi ya ng'ombe. Hapo tufikiri vizuri: mavi ya ng'ombe ni mbolea. Ukiyachoma jikoni, shamba linakosa mbolea, mavuno yanapungua, na mwaka unaofuata unafyeka pori lingine upate shamba jipya. Hivyo ndivyo umaskini unavyozunguka kama punda wa kinu.

MVUA INAFANYA NINI JUU YA ARDHI TUPU?

Msitukubalie kwa maneno tu. Fanyeni jaribio hili darasani.

1. Tafuta debe kuukuu. Likate kwa urefu upate vipande viwili kama mabeseni. Toboa tundu chini, upande mmoja wa kila kipande.
2. Kipande cha kwanza kijaze udongo mtupu. Cha pili kijaze udongo uliong'olewa pamoja na majani yake na mizizi yake.
3. Viinamishe kidogo kwa kuweka jiwe chini ya upande usio na tundu. Weka kikombe chini ya kila tundu.
4. Toboa kopo matundu madogo. Mwagia maji lita 1 kila kipande, polepole, kama mvua.

Sasa tazama vikombe. Maji ya udongo mtupu yanatoka upesi na ni tope. Maji ya udongo wenye majani yanachelewa, ni machache, na ni meupe zaidi. Maji mengine yamebaki ndani ya udongo.

Sababu yake ni hii. Tone la mvua likipiga udongo mtupu linauvunjavunja. Chembe ndogo zinaziba vinjia vya maji. Maji yakikosa njia ya kuingia, yanateleza juu na kuondoka na udongo mzuri. Lakini majani yanalipokea tone kama mkono unavyopokea yai. Mizizi inafungua njia, na maji yanashuka chini. Maji hayo yaliyoshuka ndiyo yanayolisha kisima wakati wa kiangazi.

Kwa hiyo, kisima kikikauka mapema, usikilaumu kisima. Inua macho utazame mlima ulio juu yake. Na kama kijiji chenu kina mto, kumbukeni kwamba Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mtu anayelima hadi kwenye maji anaipeleka ardhi yake mwenyewe kwa jirani wa chini.

WANANCHI WALIREKEBISHAJE?

Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alitembelea Shinyanga, akahuzunishwa na uharibifu aliouona. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mradi huo uliendelea mpaka mwaka 2004.

Mwanzoni wataalamu waliegemea zaidi kupanda miche. Miche inahitaji maji, ulinzi na fedha. Kisha wakawasikiliza wazee. Wazee walisema: miti ya asili haijafa yote. Visiki bado viko hai chini ya ardhi. Ipumzisheni ardhi tu, migunga itajiotea yenyewe.

Na kweli. Ukizuia mbuzi na ng'ombe kwa misimu kadhaa, machipukizi yanapita urefu wa mdomo wa mnyama. Hapo mti umepona.

Nani alisimamia? Wananchi wenyewe, pamoja na serikali za vijiji. Walitumia dagashida, ule mkutano wa jadi wa kutunga na kukumbushana sheria. Walitumia sungusungu, walinzi wa jadi walioanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuzuia wizi wa ng'ombe. Aliyeingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa alitozwa faini.

Sasa tufanye hesabu. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilizidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Hekta 1 ni eneo la mraba lenye mita 100 kila upande, karibu eka 2 na nusu. Gawanya 300,000 kwa 600. Utapata 500. Maana yake, palipokuwa na hekta moja pamekuwa na hekta 500. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Ikweta, inayotolewa kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Tangu mwaka 2012 baadhi ya wilaya hizo, kama Maswa, Meatu na Bariadi, zimo katika Mkoa wa Simiyu. Mipaka ya mikoa imebadilika, lakini majani hayajui mpaka wa mkoa.

SWALI LA MAMA MMOJA

Siku moja tulikuwa tukifundisha somo hili chini ya mti. Wazee wenye ng'ombe walifurahi sana, wakapiga makofi. Mama mmoja mjane, aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni, akanyosha mkono. Akasema:

"Mwalimu, mimi sina ng'ombe hata mmoja. Zamani nilikata kuni kwenye pori lile. Sasa limefungwa, ati ni ngitili. Wao wanapata majani. Mimi napata nini? Faini?"

Watu wengine walicheka. Sisi hatukucheka, maana hatukuwa na jibu la haraka. Tulimwomba mzee mmoja wa pale atusaidie. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Binti yangu amesema kweli. Tulipofunga, hatukumwuliza."

Siku hiyo tuliacha kitabu tukajadiliana. Watu walitaja vitu vinavyotoka ngitilini mbali na majani ya mifugo: kuni kavu, nyasi za kuezekea, fito, matunda, uyoga, dawa za miti, asali. Kisha wakaulizana: nani anaruhusiwa kuchukua nini, na siku gani? Ikaonekana kwamba jambo hilo halikuandikwa mahali popote. Kila mlinzi alikuwa na sheria yake kichwani. Mwingine aliruhusu kuni kavu, mwingine alikamata hata mwenye uyoga. Tena ng'ombe wa wakubwa wawili watatu walionekana humo usiku, na hakuna aliyetozwa.

Wanakisomo walikubaliana kulipeleka jambo hilo mkutanoni. Mama yule ndiye aliyeombwa kuyaandika mapendekezo, kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Aliandika la kwanza kabisa: "Kuni kavu za mzigo wa kichwa ziruhusiwe kwa kila kaya, siku mbili kwa wiki, bila malipo."

Sisi tuliokwenda kufundisha tulirudi tumefundishwa. Hifadhi inayomwacha maskini nje haidumu. Atakuja usiku na shoka, na tutamwita mwizi, kumbe sisi ndio tuliomfungia mlango.

JINSI YA KUANDIKA SHERIA NDOGO

Sheria ndogo inaanza katika halmashauri ya kijiji. Halmashauri inatayarisha mapendekezo na kuyapeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Huko kila mtu mzima, mwanamke kwa mwanamume, ana haki ya kusema. Yakipita, yanapelekwa halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Tena Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji nafasi ya kuwa na msitu wake wa hifadhi. Mwulizeni bwana misitu awaeleze hatua zake.

Sheria yenu ijibu maswali haya:

1. Mipaka iko wapi? Tajeni mlima, korongo, mti mkubwa, njia.
2. Hifadhi inafungwa lini na kufunguliwa lini?
3. Nani anaingia kuchukua nini, na siku gani? Msisahau wasio na mifugo.
4. Faini ni kiasi gani? Iwe sawa kwa wote, hata kwa ng'ombe wa mwenyekiti.
5. Nani anapokea faini? Atoe stakabadhi.
6. Fedha zinatumika kwa kazi gani, na hesabu zinasomwa lini mbele ya wananchi?

Hapa ndipo kisomo chetu kina faida. Zamani mtu alitozwa faini akalipa bila kujua kilichoandikwa. Leo unaweza kusoma sheria mwenyewe. Unaweza kusoma stakabadhi, ukaona kama umelipa elfu kumi na karatasi inasema elfu tano.

HATARI BADO IPO

Tusifikiri kazi imekwisha. Mradi uliisha mwaka 2004, lakini njaa ya mkaa mijini haikuisha. Watu wanaongezeka, na kila familia inataka shamba. Mzee akifa, watoto wanaigawa ngitili vipande vipande, na kipande cha robo hekta hakilishi ng'ombe. Msitu uliochukua miaka 20 kurudi unaweza kumalizwa kwa tanuri chache za mkaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile siku ya kwanza tunapoona mtu amevunja mapatano na sote tunanyamaza.

Mwanafunzi mwenzetu, mahali ulipo huenda hawaiti ngitili. Jina si kitu. Tazama mlima wenu, bonde lenu au chanzo chenu cha maji, uulize: tumekubaliana kupumzisha nini, na nani hakuulizwa?

MANENO YA KUJIFUNZA

Chipukizi: tawi changa linaloota kwenye kisiki au shina.
Kuidhinisha: kukubali jambo kwa mamlaka.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kwamba fedha zimepokelewa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini kuchoma mavi ya ng'ombe jikoni kunapunguza mavuno shambani?
2. Kijiji kina ngitili ya hekta 40. Ni eka ngapi?
3. Kama ungekuwa mzee yule, ungemjibu mama mjane namna gani?
4. Nendeni pamoja mkatazame mahali pamoja kijijini palipobaki wazi. Chimbueni kidogo karibu na visiki. Je, mizizi iko hai? Andikeni mlichokiona, mkisome mbele ya mkutano mkuu ujao.