Kwanza Uliza: Nani Kakuajiri?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sola, Simiyu. Mjomba alinisalimia, kisha akanikabidhi bahasha. "Mpwa, wewe si unasoma sheria? Hebu soma hiyo."

Ilikuwa barua ya kufukuzwa kazi. Mjomba alikuwa mtumishi wa halmashauri moja. Alikimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa sababu jirani yake, aliyeachishwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alishinda huko. Miezi minne baadaye shauri lake likatupwa. Mlango haukuwa wake.

Wenzangu wa sheria, darasani tunarukia swali la "je, kaonewa?" Mteja akikaa mbele yako, anza na haya: nani kakuajiri, na barua ina tarehe gani?

Mwajiri binafsi. Hapa inatumika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Aliyeachishwa isivyo halali ana siku 30 tu kufikisha mgogoro CMA. Huanza usuluhishi, ukishindikana, unafuata uamuzi.

Mwajiri wa umma. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka mtumishi amalize kwanza njia zake za ndani: rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45, kisha kwa Rais. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, ilisema wazi kwamba CMA haina mamlaka juu ya migogoro ya watumishi wa umma.

Halmashauri kama mdaiwa. Mama ntilie aliyebomolewa kibanda si mwajiriwa, hivyo sheria ya kazi haimhusu. Tangu 2020, anayeishtaki halmashauri hutoa notisi ya siku 90, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Ukimsahau, shauri zima linaharibika.

Na ukiajiriwa kama ofisa sheria wa halmashauri? Pingamizi la mamlaka litakuwa silaha yako. Ila kazi yako kubwa iko kabla ya kesi: hakikisha mtumishi kapewa hati ya mashtaka na nafasi ya kujitetea kabla barua haijasainiwa.

Tuliandika rufaa ya mjomba pamoja na ombi la kuongezewa muda, tukieleza kila siku iliyopotea. Bado tunasubiri.

"Kwa hiyo haki ninayo, ila nilikosea mlango?" aliniuliza.

Nilikosa la kumjibu. Nawe ukirudi nyumbani ukapewa bahasha, anza na tarehe.