Simu ya Saa Nane Usiku

SOMO LA WIKI KWA WAZAZI NA VIJANA
Andiko la kusoma nyumbani: Luka 2:41–52



Likizo ndefu inakaribia na vijana wetu wanapanga. Kwenye simu zao matangazo ya matamasha yanapita kila siku: muziki usiku kucha, mahema, marafiki. Tusijifanye hatujui. Kilifi wanakaribisha Mwaka Mpya chini ya mibuyu, na Naivasha ikifika wakati wa Safari Rally mahema yanajaa kama uyoga baada ya mvua. Na wazazi wananisimamisha mlangoni baada ya ibada: "Pasta, nimruhusu au nimkatalie?"

Nitalijibu swali hilo, sitalikimbia. Lakini kuna lingine linalotangulia: mambo yakiharibika huko, mtoto wako atampigia nani?

Msichana aliyeangalia jina langu akaacha

Dada mmoja wa kanisa la vijana, wakati huo akiwa na miaka 17, alimwambia mamake anaenda kesha. Yeye na mamake wameniruhusu nisimulie mradi nisitaje jina. Hakuenda kesha. Alienda na marafiki wanne kwenye tamasha la muziki mbali na mji, wakapiga hema.

Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri, alisema hivyo mwenyewe. Usiku wa pili, karibu saa nane, aliamka akajikuta peke yake. Wenzake walikuwa wamerudi jukwaani. Kilichomwamsha ni sauti ya zipu. Wanaume wawili asiowajua walikuwa wanafungua hema, mmoja ameshika tochi. Alipiga kelele, akajipenyeza katikati yao, akatoka mbio bila viatu.

Simu ilikuwa na chaji asilimia nne. Akaangalia jina la mamake. Akaangalia jina langu. Hakupiga. Alienda akaketi kando ya mama mmoja aliyekuwa anauza chai na mayai langoni, na huyo mama akamfunika leso mpaka kukapambazuka. Mungu ambariki mama huyo popote alipo.

Aliniambia haya miezi miwili baadaye. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunipigia?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Pasta, ile Jumapili ulisema msichana anayeenda huko asirudi kutulilia."

Wapendwa, ni kweli nilisema hivyo. Kanisa likapiga makofi, likasema Amina, na mimi nikashuka madhabahuni nikidhani nimewalinda watoto. Kumbe nilikuwa nimemfungia mtoto mlango ambao angeuhitaji saa nane usiku. Nilitubu mbele za Mungu, nikamwomba msamaha yeye na mamake. Somo hili limetoka hapo.

Yusufu na Mariamu walikosea wapi?

Soma Luka 2 polepole. Familia imeenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka, kama ilivyokuwa desturi yao kila mwaka. Kijana ana miaka 12. Sikukuu inaisha, msafara unaanza safari ya kurudi, na wazazi wanatembea siku nzima kabla ya kugundua kwamba mtoto hayupo.

Hawa hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wacha Mungu, tena walisafiri na ndugu na jamaa, na hiyo ndiyo ilikuwa njia salama ya kusafiri wakati ule. Shida ni kwamba kila mtu alidhani. Mama anaweza kudhani yuko na baba. Baba anaweza kudhani yuko na mama. Wote wawili wakadhani yuko mahali fulani na wenzake.

Nilipokuwa nasomea biashara chuoni, mwalimu wetu alikuwa na msemo: kila hatari iandikwe jina la mwenyewe. Si jina la idara, jina la mtu. Hatari isiyo na mwenyewe, kila mtu anadhani inashughulikiwa na mwingine, mpaka siku inapoangusha kampuni. Niliandika hayo kwa ajili ya mtihani. Sikujua nitayahitaji kwa ajili ya watoto wa kanisa.

Ona pia walichofanya walipogundua. Hawakusema, "Amejitakia, atajua mwenyewe." Waligeuka. Walirudi njia ile ile waliyokwisha kuitembea, wakamtafuta mpaka wakampata baada ya siku tatu. Mama alipomwona, alimuuliza kwanza, kisha akamwambia jinsi walivyoumia wakimtafuta. Tuna methali tunayopenda kuwarushia watoto: mtoto akililia wembe, mpe. Mariamu na Yusufu hawakuitumia.

Hatari zenyewe ni zipi?

Sisi wahubiri tunazijua mbili tu, pombe na uasherati. Hizo ni za kweli. Lakini mtoto anaweza kukataa zote mbili na bado asirudi nyumbani. Tuziangalie.

*Umati.* Mwaka 2000 kwenye tamasha la Roskilde, nchini Denmark, ambako watu hulala kwenye mahema kwa siku kadhaa, vijana 9 walikufa mbele ya jukwaa. Mdogo wao alikuwa na miaka 17. Mwaka 2021 kule Houston, Marekani, watu 10 walikufa kwenye tamasha la Astroworld. Miongoni mwao alikuwemo mtoto wa miaka 9, na vijana wawili wa miaka 14 na 16. Hawakupigana na mtu. Walibanwa na umati mpaka pumzi ikakosa nafasi. Kijana, ukiona huwezi kuinua mikono yako mpaka kifuani, toka mapema, usingoje wimbo uishe. Enda kwa mshazari kuelekea pembeni, usishindane na watu moja kwa moja. Mikono iwe mbele ya kifua, upate nafasi ya kupumua.

*Jiko ndani ya hema.* Naivasha usiku ni baridi. Mtu anaingiza jiko la makaa kwenye hema, anafunga zipu, wanalala. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, mtu anahisi kizunguzungu, usingizi unakuwa mzito, na wengine hawaamki. Hata jiko linaloonekana kama limezimika bado linaua. Jiko halilali ndani ya hema, hata dakika tano.

*Mchele.* Vijana wanalijua hili neno vizuri kuliko sisi. Dawa inatiwa kwenye kinywaji, hata soda, hata maji, na mtu anapoteza fahamu. Kinywaji ulichokiacha mezani si chako tena. Na kuna keki na biskuti zilizopikwa na bhangi. Hizi huchelewa kushika, pengine saa moja au mbili, kwa hiyo kijana anadhani hazina nguvu, anaongeza, halafu zote zinashika pamoja.

*Mahali penyewe.* Hema halina kufuli. Lililopigwa kwenye mkondo wa maji ya mvua linaweza kubebwa na mafuriko usiku. Na kando ya ziwa, kiboko hutoka majini usiku kula nyasi. Usikae kati yake na maji.

Sasa, nimruhusu au nimkatalie?

Jibu langu kama mchungaji na kama mzazi ni hili: aliye chini ya miaka 18 asilale kwenye tamasha bila mtu mzima unayemjua na kumwamini, aliyeko pale pale usiku wote. Sheria ya Kenya yenyewe inamhesabu kuwa mtoto, na inakataza kumuuzia pombe. Kama ni tamasha la mchana, na wimbo wenyewe si wa kumchafua, enda naye, ama umpeleke na umchukue kabla ya giza.

Lakini "hapana" yako peke yake si mpango. Yule dada alikuwa ameambiwa hapana. Alichofanya ni kubadilisha jina la mahali. Kwa hiyo fuatisha "hapana" yako na neno la pili: "Na ukikosea ukaenda, ukikwama, nipigie. Nitakuja. Maneno tutaongea kesho, ukiwa umelala na umekula."

Najua mzazi fulani anasema hiyo ni kumpa mtoto kibali. Si kibali. Baba yule wa mwana mpotevu hakufurahia safari ya mwanawe, lakini mtoto alipokuwa amelala njaa karibu na nguruwe, alijua nyumbani kuna mahali anaweza kurudi. Kama angejua mlango umefungwa, angebaki huko huko.

Kila jambo liwe na mwenyewe

Mzazi, haya ni yako:
1. Mjue kwa majina marafiki wa mtoto wako, na uwe na namba za wazazi wao. Akisema anaenda kesha, piga simu kanisani. Sisi hatutakasirika.
2. Kubalianeni neno moja la siri la nyumbani. Mtoto akilituma kwa ujumbe, unajua ni "njoo unichukue" na huulizi maswali mbele ya watu.
3. Simu yako usiku isizimwe sauti.
4. Akipiga, swali la kwanza ni "Uko salama?" na la pili ni "Uko wapi?" La "Nilikuambia nini?" subiri nalo.

Kijana, haya ni yako:
1. Hata kama umeenda bila ruhusa, mtu mmoja mzima ajue ulipo kweli.
2. Namba mbili za nyumbani uziandike kwenye karatasi. Simu ikiisha chaji, utaazima ya mtu, na namba hauikumbuki kichwani.
3. Nauli ya kurudi isiguswe.
4. Kaeni wawili wawili. Hakuna anayeachwa peke yake hemani, hakuna anayeenda msalani peke yake usiku. Mkifika tu, chagueni mahali pa kukutana mkipotezana, na mjue hema la huduma ya kwanza liko wapi.
5. Mwenzako akizidiwa na pombe ama dawa, usimwache alale chali "apumzike". Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, kaa naye, ita msaada. Kumwogopea asiingie matatani kusikufanye umpoteze.

Na sisi kanisa tusijione tuko salama kwa sababu spika zetu zinapiga sifa. Kwenye kambi yetu ya vijana, safari ya kurudi, mimi mwenyewe nilisimama mlangoni mwa basi nikauliza, "Wote tuko?" Wakajibu kwa sauti moja, "Ndiyo!" Tulienda kilomita kadhaa kabla ya kujua kijana mmoja ameachwa msalani. Nilikuwa nimedhani. Kuanzia kambi ijayo kila kiongozi atakuwa na vijana wanane kwa majina, na atawahesabu asubuhi, jioni na kabla ya gari kuondoka.

Kama limeshatokea

Kama mtoto wako, ama wewe mwenyewe, umetendewa ubaya wa kingono, neno la kwanza kutoka madhabahuni ni hili: si kosa lako. Kosa la kudanganya mama ni dogo, na tutaliongea. Aliyekuumiza ndiye mwenye hatia. Enda hospitali upesi, mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinafanya kazi ndani ya muda huo. Usioge kwanza, na nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki. Ripoti ipelekwe kwa polisi. Namba 116 ya Childline Kenya ni ya bure na inapokelewa mchana na usiku, na 1195 inasaidia waliotendewa ukatili wa kijinsia. Maombi tutayafanya, lakini hayachukui nafasi ya hospitali.

Maswali ya kujadili nyumbani na kwenye seli

1. Yusufu na Mariamu walidhani. Mimi kama mzazi, ni jambo gani ninalolidhani kuhusu mtoto wangu, ambalo sijawahi kuuliza?
2. Kijana: ukikwama saa nane usiku, ni nani mtu wa kwanza utakayempigia? Kama si mzazi, ni nini kinakuzuia? Mwambie leo, kwa heshima.
3. Mzazi: kuna maneno uliyosema kwa hasira ambayo yalifunga mlango? Utayafuta namna gani?

Tuombe

Baba, wewe ulimlinda kijana Yesu wakati wazazi wake hawakujua alipo. Walinde watoto wetu pale macho yetu hayafiki. Tusamehe sisi wazazi na wachungaji tuliozungumza kwa ukali mpaka watoto wakaogopa kutuita. Tufundishe kugeuka na kurudi kuwatafuta. Katika jina la Yesu, Amina.

Namba yangu iko ukurasa wa nyuma wa jarida hili, mahali inapokuwa kila wiki. Vijana, simu haizimwi usiku. Sitauliza ulikuwa unatafuta nini huko. Nitauliza uko wapi, na nitatafuta gari.