Mtoto Anayechelewa Kukua: Aanze Lini Chekechea?



Kila Januari shule zinapofunguliwa, twawaona watoto wadogo wakiongozana kwenda darasa la awali, lile ambalo wengi wetu tuliliita shule ya vidudu. Lakini katika nyumba fulani mtoto wa miaka 5 hubaki uani. Alichelewa kutembea, maneno yake ni machache, na usiku wazazi wake huulizana: "Tumpeleke mwaka huu, au tungoje kidogo?" Swali hili si dogo. Tulitazame pamoja.

1. Tujue kwanza sababu. Watoto hawakui sawasawa. Wengi huanza kutembea peke yao kati ya miezi 8 na 18. Lakini mtoto wa miaka 5 ambaye bado haunganishi maneno hana budi kupimwa. Pengine alikosa hewa alipozaliwa, au aliugua malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Pengine hasikii vizuri. Mtoto asiyesikia huitwa mkaidi, kumbe shida i katika sikio. Basi, masikio na macho yapimwe hospitali mapema.

2. Kungoja peke yake si dawa. Tumezoea kufarijiana, "Mwacheni, akikua atakuwa sawa." Maneno hayo ni ya upendo, lakini yafaa tuulize: mwaka huo wa kungoja, mtoto atafanya nini? Kama anatibiwa, au anapata mazoezi ya viungo au ya kusema, kungoja kwaweza kuwa na faida. Kama atashinda mkekani mpaka mama arudi kutoka shambani, mwaka umepotea. Mtoto hujifunza mengi kwa kucheza na wenzake. Tena mwaka mmoja huvuta mwingine, hata mtoto wa miaka 8 akajikuta kati ya wadogo wa miaka 5, akaona haya.

3. Tusidai makubwa. Si lazima ajue kuhesabu kabla ya kuanza; hayo ndiyo anayoyafuata shuleni. Tujiulize: Aweza kuachana na mama kwa saa chache? Huonyesha, hata kwa ishara, kwamba ataka maji au choo? Hupenda kuwatazama wenzake wakicheza? Jibu likiwa "bado", tusimfungie mlango. Tutafute msaada kwa jambo hilo.

4. Tumweleze mwalimu. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kubahatisha. Aambiwe mtoto akae wapi, huogopa nini, na nani atamsaidia chooni. Wakikubaliana, aanze kwa saa mbili kwa siku, kisha ziongezwe. Baada ya miezi mitatu wazazi na mwalimu wakae tena. Ikiwa mtoto bado analia kila siku, kubadili mpango si kushindwa.

5. Tujue haki yake. Katika Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinatambua haki ya mtoto huyu kupata elimu. Shule ikimkataa, wazazi wasirudi nyumbani kimya. Wamwone afisa elimu au afisa ustawi wa jamii.

Nasi majirani tuna la kutubu. Tumenong'ona kwamba mama yule amelogwa, au ana dhambi aliyoificha, naye akamficha mtoto kwa kutuogopa sisi. Mama huyo hahitaji shauri letu tu. Mtoto wa miaka 5 ni mzito mgongoni, na shule i mbali. Mmoja wetu aweza kumbeba Jumatatu, mwingine Jumanne.

Maswali ya kuzungumza

1. Je, mtaani kwetu yuko mtoto wa umri wa shule tusiyemwona akitoka nje?
2. Ni nani atakayewatembelea wazazi wake, na lini?
3. Darasa letu la awali lina nini cha kurekebishwa, mlangoni au chooni, ili naye aingie?